Wageni Kumi na Tisa wa Daftari la Mtaa

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Mzee Randa. Lile la kwenye kitambulisho koplo amelinakili kwenye kitabu chake, lakini ukiliita mtaani hageuki mtu, hata mimi sigeuki.
Umri: Miaka 71. Dada yangu anasema 69, apate kunituma dukani.
Kazi: Seremala mstaafu. Mjazaji wa daftari la wakazi.
Makazi: Nyumba namba 7, njia ya pili, mtaa ulio nyuma ya kiwanda cha matofali.
Mwandishi: Nimeandika kwa mkono wangu mwenyewe. Koplo alianza kuniandikia, lakini nilikuwa nimefika mwezi wa saba yeye bado yuko mwezi wa pili.

Mimi tangu nizaliwe sijawahi kukosea hesabu. Nimeunda milango mia nne na hakuna hata mmoja uliokwama. Koplo ameniangalia sana, kwa hiyo naandika ukweli: mlango wa choo cha kituo hiki ni wangu, na mnausukuma kwa bega kila mkitaka kutoka. Nimekosea hesabu mara nyingi. Hii niliyokuja kuisema ndiyo kubwa kuliko zote, na nyingine zote ziliharibu mbao tu.

Mnamo tarehe 3 mwezi wa pili mwaka huu, saa tatu asubuhi, mwenyekiti wa mtaa alikuja kibarazani kwangu na fomu arobaini na sita, kila nyumba fomu moja. Alisema zimetoka idara ya afya. Idara ilitaka kujua tuko wangapi, umri wetu, kazi zetu, na katika kila nyumba nani ametekwa na pombe au dawa za kulevya na anatibiwa wapi. Kwa hesabu hiyo wangeamua kama chumba cha dawa cha njia ya kwanza kiendelee au kifungwe. Alinichagua mimi kwa sababu nina mwandiko mzuri na sina kazi. La kwanza ni sifa, la pili ni tusi, nikayapokea yote mawili.

Chumba hicho zamani kilikuwa cha fundi cherehani. Sasa kina dirisha la nondo, sinki, kabati la chuma lenye kufuli, na muuguzi mmoja ambaye sote tunamwita Sista. Kila siku saa tatu asubuhi wagonjwa wake hupanga foleni dirishani. Hunywa dawa ya maji kwenye kikombe kidogo mbele ya macho yake, hufungua kinywa aone imepita, kisha huenda kazini. Mtu aliyekuwa akitetemeka na kung'oa mabomba ya watu, akishainywa hatetemeki, na mabomba hukaa ukutani. Sijui dawa inafanyaje kazi. Najua mabomba yangu yapo.

Nilianza na nyumba yangu. Mwanangu wa mwisho ana miaka thelathini na nane, anatengeneza redio. Alitumia unga miaka kumi na mmoja. Sasa ana miezi kumi na minne kwa Sista na hajakosa siku. Kalamu ilipofika pale pa kuuliza nani ametekwa, mama watoto aliweka kiganja juu ya karatasi.

"Utamwandika?"

"Ndilo swali lao."

"Fomu ataisoma mwenyekiti. Mwenyekiti atamsomea mkewe. Mkewe akishajua, tutatangazwa mpaka sokoni. Mwandike mgeni."

Chini ya fomu kulikuwa na mstari wa wageni, na maelekezo yalisema wageni wasiulizwe habari za afya, iandikwe idadi tu. Nikaandika: mgeni, mmoja. Mwanangu wa kumzaa. Alikuwa chumba cha pili akiunganisha waya, na kuta zetu ni nyembamba.

Baada ya hapo sikuhitaji kumfundisha mtu. Sijui nani alipeleka habari, lakini nilikuta kila nyumba yenye donda imeshajiandaa na mgeni wake. Katika nyumba namba 12 mwalimu wa chekechea alinionyesha mwanawe amelala kwenye mkeka.

"Huyu ni mgeni," alisema.

"Amefika lini?"

"Mwaka ule wa mvua kubwa."

"Kwa basi?"

"Kwa uchungu wa siku mbili, Mzee Randa, na kitanda chake cha utotoni ulikiunda wewe. Andika, unywe chai."

Niliandika, nikanywa. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wageni wetu walikuwa na miaka thelathini hapo walipo, wengine wana watoto, na mmoja ndiye anayelipia nyumba umeme. Katika nyumba ya mwenyekiti nilipewa soda mbili. Soda mbili ni nyingi kwa nyumba isiyo na mgeni. Zaidi ya hapo sisemi, aje aseme mwenyewe.

Tarehe 20 mwezi wa pili nilimkabidhi mwenyekiti jumla yangu. Nyumba 46. Watu 231: wanaume 69, wanawake 79, watoto 83. Waliopita miaka sitini ni 22, na wote wanajifanya hawasikii. Waliotekwa na pombe au dawa za kulevya: hakuna. Wanaotibiwa: hakuna. Wageni: 19. Nilipiga mstari kwa rula chini ya hesabu hiyo, ikapendeza.

Mnamo tarehe 14 mwezi huu wa saba, siku ya Jumatatu, saa mbili na dakika arobaini asubuhi, nilikuwa nimekaa kwenye benchi nje ya chumba cha dawa. Mwanangu alikuwa wa tatu kwenye foleni. Ilikuja gari ya idara ya afya, na nyuma yake gari ya kituo hiki. Alishuka mkaguzi wa idara mwenye mkoba, mwenyekiti wa mtaa, na askari wawili. Mkaguzi alimwambia Sista kwamba anachukua dawa ya wagonjwa kumi na tisa wa mtaa huu, lakini takwimu za mtaa zinaonyesha mtaa huu hauna mgonjwa hata mmoja. Akamuuliza dawa inakwenda wapi.

Sista akasema, "Inakwenda vinywani mwao. Si hao hapo kwenye foleni?"

Mkaguzi akataka daftari la majina. Sista akakataa. Alisema wagonjwa wake walimpa majina yao kwa siri, na hatayatoa hadharani mbele ya mwenyekiti.

Mwenyekiti akapaza sauti, "Hawa ni mateja wa kutoka huko nje, na hayo majina ni wagonjwa hewa! Mtaa wetu ni safi. Karatasi ya Mzee Randa inasema, na mzee mwenyewe yule pale!"

Watu wote waliniangalia. Nilikuwa na ulimi, nilikuwa na meno kumi na sita, nikainama kufunga kamba za viatu. Mwanangu aligeuka kwenye foleni.

"Kumbe mimi hewa, Baba?" akaniuliza.

Hakuuliza kwa hasira. Heri angeuliza kwa hasira.

Saa tatu kasoro dakika tano askari walifunga chumba kwa kufuli na kumpakia Sista garini. Alisema jambo moja tu kabla mlango haujafungwa, na alilisema akinitazama mimi: "Leo hawajanywa. Kesho wakikosa watashikwa na arosto kweli kweli. Keshokutwa sitaweza kuwapa kipimo kilekile, tutaanza upya na kidogo, na wengi wao hawatasubiri." Arosto ni yale maumivu ya mwili unapodai unga na haupati. Nimeyaona nyumbani kwangu. Mtu mzima hujikunja kama ganda jembamba la mbao chini ya randa.

Leo tarehe 15, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, nilibeba meza yangu ndogo nikaiweka mbele ya kufuli. Nilikuwa na fomu mpya, na kalamu mbili kwa sababu siiamini moja. Kufika saa tatu wagonjwa walikuwa wamekuja vilevile, kwa mazoea, na wengine walikuwa wameshaanza kutokwa na kamasi na kujikuna. Niliwaambia, "Anayeishi mtaa huu aje aandikwe. Mgeni abaki pale alipo."

Hakusogea mtu. Dada mmoja wa kuuza mitumba akasema, "Mzee, utuandike, halafu ukatupeleke polisi?"

"Nakwenda kujipeleka mimi," nikamwambia. "Ninyi mnanisindikiza kwa karatasi."

"Ukifungwa nani atatuundia majeneza?"

"Msife, basi, mpaka nitoke."

Walicheka kidogo. Mwanangu akaja mezani, mikono ameikunja kwapani isionekane inavyotetemeka. "Nyumba namba saba," akasema. "Mtoto wa seremala. Fundi redio. Unga, miaka kumi na mmoja. Natibiwa hapa." Nikaandika kama alivyosema. Sikuharibu hata herufi moja. Akafuata dada wa mitumba, kisha mtoto wa mwalimu wa chekechea na mama yake nyuma yake, ambaye alisema, "Weka na mimi sahihi. Mgeni ni wangu." Mpaka saa nne na robo walikuwa wameandikwa kumi na sita, kila mmoja kwa hiari yake na kwa dole gumba au sahihi. Watatu walikataa na sikuwabembeleza. Karatasi nimemkabidhi koplo ndani ya bahasha. Nimemwomba aisome yeye na mkuu wa kituo tu, na asimpe mwenyekiti hata ya kufungia sambusa.

Kwa hiyo hesabu ya kweli ni hii. Hakuna wageni. Tuko mia mbili na hamsini, na kumi na tisa kati yetu wanatibiwa. Hakuna dawa iliyoibwa na hakuna mgonjwa hewa. Aliyeandika uongo ni mimi, siyo Sista. Koplo amenionya kwamba kutoa taarifa ya uongo kwa idara ni kosa na ninaweza kushtakiwa. Nimemjibu kwamba nimekuja na sweta.

Niliyoyaona na kuyafanya ndiyo haya, mabaya yangu yakiwemo, nami nayatia mkono bila kulazimishwa.

Sahihi: Mzee Randa
Tarehe 15, mwezi wa saba, saa saba na dakika ishirini mchana

Maelezo ya afisa: Shahidi ameandika maelezo yake mwenyewe mbele yangu. Ameyasoma kwa sauti, mara mbili, ingawa aliombwa mara moja. Bahasha yenye karatasi moja imepokelewa na kusajiliwa kama kielelezo. Mkuu wa kituo amearifiwa. Maelezo yamefungwa hapa na hakuna kilichoongezwa baada ya sahihi. Koplo wa zamu.

Nyongeza, naandika wakati koplo anatafuta mhuri:

Afande koplo, mwezi wa nne ulikosa shahidi wa kusimamia upekuzi pale gereji. Ulinitoa kwenye kiti cha kinyozi nikiwa nimenyolewa upande mmoja, nikasimama juani kwa muda wa saa tatu, watoto wa shule wakanipigia makofi. Ulipomaliza ulisema, "Mzee, wema huu nitakurudishia." Sijakukumbusha mpaka leo. Sikuombi umwachie Sista, najua hilo si lako. Naomba saa moja. Mchukue na gari yenu, mtie pingu mkono mmoja ukitaka, vikombe havihitaji miwili. Mfungulieni chumba awape wagonjwa dozi, kisha mrudishe. Mimi nitakaa mahabusu mahali pake mpaka mrudi. Viatu na mkanda nimeshavua, viko hapa chini ya meza yako.