Inchi Moja ya Land Rover ya Kaka

Jumatatu, 7 Aprili
Chai, redio, kisha gereji. Mvua tangu alfajiri. Vijana wanaita kila Land Cruiser yenye bomba la hewa "mkonga". Nimewaambia mkonga ni lile bomba. Gari lina jina lake. Tumaini, mtoto wa marehemu kaka, hakuinua kichwa. "Baba mdogo, hapa ukisema mkonga, hata ng'ombe wanajua." Wakacheka. Nami nikacheka, kwa kuchelewa.

Wanafufua Land Rover ya kaka. Jumatatu ya Pasaka wenye magari ya zamani watakwenda Matema, kila gari limeandikwa aina yake ubavuni. Sijafurahi hivi tangu nirudi kutoka Kitwe.

Jumatano, 9 Aprili
Mchoraji ameandika 110 kwa chaki. Kosa. Kaka aliendesha 109. Watu walimwita kwa jina la gari, Wanonaini, yaani "one-o-nine", toka Ngonga hadi Mwaya. Ndilo gari alilonipeleka nalo Tunduma nilipokwenda migodini Kitwe. Nimeifuta chaki kwa kiganja. Tumaini amenuna. Kasema tupime.

Alhamisi, 10 Aprili
Tumepima, katikati ya gurudumu la mbele hadi katikati ya la nyuma. 109 ni inchi mia na tisa. Jina limetoka hapo. Futi ya kupimia imesoma inchi mia na kumi. Nimepima upande wa pili, peke yangu. Mia na kumi.

Tumaini aliona aibu kwa niaba yangu. Hilo liliniuma zaidi. Akaeleza taratibu. Gari lilipinduka Katumba Songwe, chasisi ikapinda. Kaka akanunua chasisi ya 110, akapachika bodi ya zamani juu yake. Kabla ya kuinunua alilala kitandani na majeraha msimu mzima wa mpunga. Nilikuwa Kitwe. Hakuna aliyeniambia.

Ijumaa, 11 Aprili
Ngonga, kwa shemeji, mjane wa kaka. Alikuwa akipepeta mchele. Nikamwambia chuma kinaweza kubadilika, lakini kaka alikuwa Wanonaini, basi liandikwe hivyo. Akaweka ungo chini.

"Shemeji, hapa alikuwa Wanteni. Hata mchungaji alimzika kwa jina hilo. Huyo Wanonaini ni wako peke yako."

Akanipa ndizi za kubeba. Nina hasira, sijui na nani. Wanteni ni mtu mwingine. Sikumfahamu.

Jumamosi, 19 Aprili
Nimemwambia mchoraji aandike 110. Tumaini akauliza kama nina hakika. Nikasema tumepima.

Jumatatu ya Pasaka, 21 Aprili
Matema. Tumaini alinipa kiti cha mbele. Njia nzima watu walipunga mikono wakiita Wanteni. Nilipunga pia.

Ziwa limetulia. Vijana wanaogelea. Nimebaki garini. Mlango ni ule wa zamani, wa 109, haufungiki mpaka uuinue kidogo. Niliuinua bila kufikiri.