Gitaa Alilonipa Mume Wangu Limenishinda Mkono

Anti Goodness mpendwa, nisaidie kabla sijafanya jambo la kijinga, maana nakuandikia nikiwa nimekaa jikoni, gitaa liko magotini na tupa ya mume wangu nimeitoa kwenye boksi la vifaa vya gari iko hapa mezani, na yeye mwenyewe yuko Serengeti na wageni na hajui lolote.

Mimi naitwa Lusia, nimeolewa, tunalima maharage na ngano kidogo huku juu Rhotia, na tangu usichana wangu napiga gitaa kwenye kwaya ya kigango chetu, na nisijisifu lakini watu wakisema kwaya yetu inaimba vizuri hawasahau kutaja gitaa, na lile gitaa la zamani lilikuwa la kwaya, dogo, limechubuka, shingo yake nyembamba imelainika kwa mikono ya waliolipiga kabla yangu, hadi mwaka jana tulipokwenda kuimba Mbulu, wakati wa kurudi likaanguka kutoka kwenye lori pale njiani likavunjika shingo, nikalia kama nimefiwa.

Mume wangu Adrian ni dereva wa watalii, anashusha wageni kreta ya Ngorongoro karibu kila siku ya msimu, si mtu wa maneno mengi, akikupenda anakuletea kitu, basi akampata mgeni mmoja, baba mrefu mwenye viganja kama sahani, anasafiri na gitaa lake, na safari ilipoisha Adrian akamwomba amuuzie, akatoa bakshishi yake yote ya msimu, akaja nalo nyumbani amelifunga mkanda kwenye siti ya mbele kama abiria, akapiga honi tangu barabarani, mama mkwe akatoka, majirani wakatoka, akanikabidhi mbele yao akasema, "Sasa usilie tena."

Anti, ni gitaa zuri kuliko yote niliyowahi kuyaona, sauti yake inajaza nyumba, ila shingo yake ni nene kama mpini wa jembe na ni pana, nyuzi zimekaa mbali mbali na zimeinuka juu, kidole gumba changu nikikiweka nyuma hakipati pa kupumzika, na kidole kidogo hakifiki, nami nikajiambia nitazoea, nikajilazimisha, nikaanza kuamka vidole vimekufa ganzi, nikawa naangusha vikombe, nashindwa kufunga kanga, na nyumbani nikiulizwa nasema ni jembe, ni baridi ya Julai, nasema lolote lile isipokuwa gitaa.

Halafu Jumapili moja, wakati wa matoleo, mkono ukakakamaa katikati ya wimbo, vidole vikagoma kabisa, gitaa likanyamaza, sauti ya kwanza ikaenda huku na besi ikaenda kule, watu wamesimama na vibaba vyao vya mahindi mikononi hawajui waendelee kutembea au wasubiri, na Adrian ameketi benchi la mbele ananitazama, na baadaye mwalimu wetu wa kwaya, Silvanus, akaniambia, "Dada Lusia, mkono wako umekuwa mzembe tangu upate gitaa la kizungu, na jubilei ya parokia hiyo inakuja, nisije nikalazimika kumweka mwingine."

Nikaenda mjini kununua nyuzi nyepesi kwenye duka la Dauda, yule anayeuza redio na vyombo vya muziki, na upande wa pili mkewe Zuleha anauza vitenge, nikaona gitaa limetundikwa ukutani, shingo nyembamba, Dauda akasema, "Jaribu hili dada, kujaribu hakuna tozo," nikalishika, nikabana F, ule mpangilio wa vidole unaotaka kidole kimoja kilalie nyuzi zote, ikalia safi bila maumivu, Anti, nilicheka peke yangu pale dukani kama mwehu.

Ndiyo nikaanza kupita, siku za gulio nikishauza mboga napita, nabembeleza kale kagitaa nyimbo mbili tatu naondoka, na Zuleha yupo, ananisikiliza huku anakata vitambaa, tena ndiye aliyeniambia, "Lusia, mwambie mumeo kuwa lile gitaa linakuumiza. Umwambie wewe kabla hajaambiwa mengine," nikamjibu nitamwambia, sikumwambia, nikapita tena na tena, na mwanakwaya mwenzangu mmoja, Selina, akamwambia Adrian kwa kucheka, "Shemeji, mkeo siku hizi kwaya yake iko dukani kwa Dauda."

Adrian akaja moja kwa moja kutoka kreta, vumbi jekundu hadi kwenye kope, na kama mkosi siku hiyo Zuleha alikuwa ameingia ndani kuswali, kwa hiyo alichokikuta ni mimi nimefumba macho naimba na Dauda ameegemea kaunta anatikisa kichwa, akageuka akarudi kwenye gari akanisubiri, tukapanda hadi Rhotia, tulipofika akauliza, "Gitaa langu lina kosa gani?"

Nikamwona alivyosimama, Anti, nikakumbuka ile honi, nikasema, "Halina kosa."

Akasema, "Basi kama gitaa halina kosa, kilichokupeleka kule si gitaa."

Tangu hapo anaongeza safari, akitoka Serengeti anaunga Tarangire, akilala nyumbani analala ameelekea ukutani, na mimi siwezi kukaa sehemu moja, nachota maji ambayo sina kazi nayo, nafagia uwanja uliofagiwa, nikilishika gitaa naumia na nikiliacha naumia zaidi. Nimefikiria kuacha kupiga kabisa. Nimefikiria kulichukua lile la Dauda kwa siri nidanganye kwamba ni la kigango. Na leo nimefikiria hii tupa, nilikwangue shingo kidogo kidogo, labda litanienea na yeye asitambue. Je, nifanye nini? Nampenda mume wangu, na napenda gitaa, na sasa vyote viwili vinanikimbia.

Lusia, Karatu (majina nimeyabadilisha, Anti, kisa usikibadilishe)

ANTI GOODNESS ANAJIBU

Lusia, kwanza rudisha hiyo tupa ndani ya boksi. Sasa hivi, ndipo uendelee kusoma. Shingo ya gitaa ina chuma ndani na ubao wake umevutwa na nyuzi usiku na mchana. Ukiikwangua bila kujua utaipinda, na utakuwa umemharibia mumeo zawadi baada ya kumharibia usingizi.

Pole, mwanangu. Nakuelewa kuliko unavyodhani. Kabla sijawa anti wa gazetini nilipiga gitaa la kati katika bendi ya hoteli pale Arusha, mwanamke peke yangu kati ya wanaume, na viganja vyangu ni vya mtoto wa darasa la tano. Najua aibu ya kuambiwa mkono wako ni mzembe wakati mkono wako umebeba mzigo usio wake. Silvanus akuombe radhi. Mkono unaokufa ganzi hauna uvivu, una malalamiko.

Lakini sasa nikuseme. Mumeo alikuuliza swali la wazi, tena swali zuri: gitaa lina kosa gani? Alikuwa amekufungulia mlango wewe upite, nawe ukaubamiza kwa maneno mawili. Ulidhani unamlinda. Ulimwachia jibu moja tu la kuamini, na akaliamini. Usimlaumu Selina kwa mdomo wake, ingawa mdomo huo nao unahitaji kufuli. Zuleha alikuonya mapema. Ulisikia, ukanunua siku nyingine ya kukaa kimya.

Adrian, kama gazeti hili limekufikia huko kwenye geti la hifadhi: mwanamke aliyeshindwa kukwambia kwamba zawadi yako inamuumiza anaogopa kukuvunja moyo. Siyo dalili ya mwanamke aliyehamisha moyo. Kulala ukitazama ukuta hakujawahi kumjibu mtu swali. Geuka.

Turudi kwako, Lusia. Huyo bwana akirudi, mwache aoge, mpe chakula, halafu mpe gitaa alishike. Usihubiri. Mwambie azungushe mkono wake shingoni mwa gitaa, aone vidole vyake vinavyofika. Kisha weka wako palepale. Macho yake yatamaliza nusu ya maelezo. Nusu nyingine useme wewe: "Nilikudanganya, gitaa lako linaniumiza, niliogopa kukwambia." Maneno ni hayo, usiyapambe.

Upumzishe mkono. Usiguse gitaa lolote mpaka ganzi iishe, na isipoisha nenda hospitali. Usisubiri jubilei.

Baada ya hapo nendeni dukani wote wawili, mchana, Zuleha akiwepo. Na usilichukue lile la ukutani kwa sababu tu lilikuchekesha. Gitaa la dukani ni kama kiatu: ukilijaribu kwa nyimbo mbili yote ni mazuri. Kaa kwenye kigoda kama unavyokaa kwaya, uti wa mgongo umenyooka, usipige ukiwa umesimama umeinamia kaunta. Kidole gumba kikae nyuma ya shingo kimelegea, si kimeng'ang'ania. Bana hiyo F, halafu bana nyingine na nyingine, piga nyimbo za misa nzima. Kama kiganja kinachoka, shingo ni nene mno kwako. Kama kidole kidogo hakifiki uzi wa mwisho bila kuvuta bega, ni pana mno. Na kama vidole vinakanyagana, kimoja kinaziba uzi wa mwenzake, basi hiyo ni nyembamba kupita kiasi, na hilo watu wenye mikono midogo hatuambiwi. Tunaambiwa tu, mkono mdogo, shingo ndogo. Si kweli. Mimi niliishia na shingo ya mviringo iliyojaa kidogo kiganjani, kwa sababu ile ya bapa ilinifanya nibane kwa nguvu mno. Mwulize fundi pia kama nyuzi zinaweza kushushwa. Nyuzi zilizoinuka huumiza hata mkono wa jitu.

Na lile kubwa msiliuze wala msilifiche. Liko mikononi mwa Adrian, yeye ndiye aamue. Kazi yako ni moja: swali likiulizwa, lijibu.

LUSIA AMEANDIKA TENA

Niliyapata majibu haya kwa simu kabla hayajachapwa, Anti, uliponipigia, na nimekuomba uyaweke yote pamoja na haya.

Adrian aliporudi nilifanya ulivyosema. Nililia kabla sijafika kwenye maneno. Alishika gitaa, akaushika mkono wangu, akauweka juu ya shingo, akautazama muda mrefu. Akasema, "Na wewe ukapiga hivi tangu mwaka jana?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Lusia, mimi ningelirudisha hata kama mgeni ameshafika kwao." Halafu alikasirika kweli, kuliko siku ile ya dukani, kwa sababu ya vikombe vyote vile nilivyoangusha nikasema ni baridi. Alikasirika siku kadhaa. Nilivumilia, nilistahili.

Mkono ulipotulia tulikwenda kwa Dauda. Walisalimiana kama watu wanaosalimiana msibani. Zuleha akaleta kigoda, akamletea Adrian kingine, akawamiminia wote chai, wakawa hawana budi kunywa pamoja. Nikaanza na lile la ukutani, na ni kweli Anti, nilipofika wimbo wa tano vidole vilikuwa vinakanyagana. Nililikataa mwenyewe, kwa uchungu. Nikajaribu jingine, na jingine. Mimi kila moja nilisema "hili ni zuri," maana nimezoea kusema hivyo.

Adrian haelewi muziki. Lakini ameshinda miaka kwenye gari akisoma chui aliyelala kama ataamka au la. Nilipofumbua macho baada ya gitaa moja la rangi ya udongo, lisilong'aa, nilimkuta ananitazama usoni.

"Rudia hilo," akasema.

Nikarudia.

"Hilo hapo," akamwambia Dauda. "Kwenye yale mengine yote alikuwa anakunja uso."