Dawa ya Ng'ombe Usimpake Benedicte

Bwaise, Kampala
Tarehe 9 Mei 2006

Mpendwa kaka yangu, Yaya Barnabé,

Pokea salamu za mdogo wako Hortense. Hujambo wewe, hajambo wifi yangu Mama Jean-Claude, hawajambo watoto na mbuzi na kila kinachopumua katika uwanja wako? Na ule mguu ulioteguka umepona, au bado unauburuza na kusingizia baridi ya Lubero? Nauliza kwa moyo wote, maana ningependa kusikia kwamba katika ukoo wetu kuna mtu mmoja aliye mzima.

Sisi huku tupo. Sitasema hatujambo, kwa sababu neno hilo nimechoka kuwaambia watu kanisani na sina nguvu ya kukuambia na wewe.

Nimekupigia simu mpaka nimechoka. Kila mara yule dada wa mtandao ananijibu kwamba hupatikani. Basi barua hii nimemkabidhi Emérence, yule mama wa vitenge anayevuka mpaka wa Kasindi hadi huko kwenu Kongo. Nimemwapisha akupe mkononi, asiiache kwa jirani. Isome yote kabla hujaanza kukasirika, maana nakufahamu.

Jambo lenyewe ni hili. Ile dawa ya kuogeshea ng'ombe mnayojipaka miguuni ili kupe wasiwaume, acheni leo. Usijipake, usiwapake wanao, na zaidi ya yote usimpake mwanangu Benedicte. Emérence alipita kwenu mwezi uliopita akamkuta amesimama ndani ya karai kabla ya kwenda shamba, wifi akimpaka miguu na shingo kwa kitambaa. Alinisimulia huku anacheka, akidhani ananiletea habari njema ya jinsi mnavyomtunza mtoto niliyewaachia. Mimi nilikaa chini pale pale sokoni. Najua dawa hiyo imefanya nini katika nyumba yangu, na wewe hujajua.

Unakumbuka ulipotutembelea mwishoni mwa mwaka. Mume wangu Zéphyrin alikuwa anakata majani ya ng'ombe wa mzee mmoja wa Bukoto, wale wanaofugwa bandani nyuma ya maghorofa na hawajawahi kuona malisho. Kila siku alikwenda kwa baiskeli hadi kwenye kinamasi nyuma ya Kawempe, akaingia katika matete yanayomfika kifuani, akarudi akisukuma mzigo mkubwa kuliko baiskeli. Ndiyo kazi aliyoipata. Mahali pale ng'ombe wa kuchinjwa hupumzishwa, kwa hiyo kupe ni wengi ajabu. Alirudi nao mapajani, kwapani, hata nyuma ya masikio, na homa zikawa haziishi. Tulinunua vidonge vya malaria, homa ikashuka, ikarudi, tukanunua vingine. Hakuna aliyetuuliza habari za kupe, na sisi hatukusema.

Wewe ulimwona akijikuna, ukamcheka kwamba mwanamume wa Lubero anashindwa na kidudu kisicho na mabawa. Ukatoa mfukoni chupa ya maji ya kunywa yenye dawa ya josho, ukamfundisha: kidogo kwenye kitambaa, kisha vifundo vya miguu, magoti, kiuno. Ukasema wawindaji wa kwenu wote wanajipaka hivyo wakiingia porini kutafuta ndezi. Zéphyrin alifurahi sana. Akasema kama ng'ombe anaogeshwa nayo na maziwa yake tunakunywa, yeye itamfanya nini? Wote mlicheka, na maneno yale yalionekana yana akili.

Kupe waliacha kumuuma, hilo sikukatalii. Chupa yako ilipokwisha akanunua nyingine kwa muuza dawa za mifugo. Mvua zilipoanza akaacha kuichanganya na maji, kwa maelezo kwamba mvua itaichanganya yenyewe. Mwishowe akawa analowesha hata suruali na koti lake la kazi, anavianika, anavaa.

Siku moja vijana wa kule bandani walimleta kwenye bodaboda, wamembana katikati asidondoke. Jasho lilikuwa linamtoka nguo zote chapachapa, mate yanamchuruzika kidevuni, mboni za macho zimekuwa ndogo sana, na nyama za mikono zinamchezacheza chini ya ngozi. Pumzi yenyewe alikuwa anaitafuta. Jirani mmoja akasema amelewa. Mwingine akasema amerogwa na Wakongo wenzake. Akina mama wa kanisa walikuja kumwombea, na kwa kuwa alikuwa anatetemeka wakamfunika na koti lake la kazi, lile lile la dawa. Walimfunika kwa upendo, Yaya, na kila walivyozidi kulibana ndivyo alivyozidi kukoroma.

Jirani yetu polisi mstaafu ndiye aliyesema maombi yataendelea garini. Hospitalini Mungu alitupa daktari mmoja kijana, Aloyo, binti wa askari kutoka kaskazini, aliyekulia kambini na Kiswahili chake ni cha kambini. Kiganda changu ni cha kununulia nyanya, Kiingereza sina, kwa hiyo bila yeye sijui ningejieleza vipi. Alilinusa koti akauliza mzee alipaka nini. Nikamjibu dawa. Dawa gani? Dawa ya kupe, ya ng'ombe. Akalitupa koti nje kwa mikono yenye glavu, akaniambia, "Mama, hiyo hapana dawa. Hiyo ni sumu. Inaingia kwa ngozi, mutu anakufa."

Neno hilo limenikaa kifuani. Tumeiita dawa, ndiyo maana tumeiamini. Dawa ya kikohozi, dawa ya macho, dawa ya kupe, zote jina moja, na mtu akiona jina hilo anameza au anajipaka. Ingeitwa sumu ya kupe, Zéphyrin angeishika kwa kijiti. Wewe pia usingeibeba mfukoni kutoka Lubero kuja kuwapa watu unaowapenda.

Walimvua kila kitu, wakamwosha kwa sabuni na maji mengi, wakamchoma sindano, wakamtundikia maji. Akapumua. Tuliimba wodini mpaka muuguzi akatunyamazisha. Tulirudi nyumbani nikidhani yamekwisha, kumbe ndiyo kwanza yanaanza. Wiki chache baadaye vidole vya miguu vikaanza kufa ganzi, kisha nyayo, kisha miguu yote kuanzia magotini kushuka. Sasa hasimami. Nyayo zinaning'inia tu, ukiziinua zinaanguka. Daktari anasema sumu imeharibu mishipa ya fahamu, huenda miguu ikarudi polepole, huenda isirudi.

Nimekata tamaa, sikufichi. Wiki jana mto ulifurika tena hapa Bwaise, maji machafu yakaingia ndani hadi juu ya kitanda. Zamani Zéphyrin ndiye aliyekuwa anapandisha vitu juu ya meza. Safari hii tulimpandisha yeye, mimi na yule jirani, tukamlaza mezani kati ya sufuria na godoro, na yeye akageuza uso ukutani. Tangu siku ile haongei sana. Mimi nafua nguo za watu, narudi, namgeuza, nampikia uji, kesho tena vile vile. Naomba kwa sababu nimezoea kuomba. Jibu silisubiri tena.

Ndiyo maana habari ya Benedicte ilinivunja. Emérence anasema siku za shamba mtoto analalamika kichwa na macho, mate yanamjaa mdomoni, tumbo linamsokota, na nyinyi mnasema anakwepa jembe. Yaya, mwanangu hakwepi jembe. Hayo ndiyo mambo aliyoanza nayo baba yake, na yeye ni mtu mzima mwenye kifua kipana. Mtoto wa miaka minane ana kifua gani? Ukimaliza kusoma hapa inuka. Mwogesheni kwa sabuni mwili mzima, nywele na kucha, na anayemwogesha naye anawe. Nguo zake zilizoshika dawa msimwachie mwingine azirithi, zichimbieni mbali na kisima. Kisha mpeleke kwa daktari, na usiseme tu ana homa. Sema alipakwa nini, mara ngapi. Ukiona aibu kusema, kumbuka mimi niliisema mbele ya wodi nzima.

Najua utauliza, sasa kupe tuwaache watule? Nilimuuliza daktari hilo hilo, nikamweleza kwamba kaka yangu ni mwindaji na hataacha. Ameniambia kinga ya kwanza ni nguo. Ndani ya mfuko alionao Emérence kuna soksi ndefu za wacheza mpira, nimezichagua soko la Owino kwenye mitumba. Ingizeni suruali ndani ya soksi na shati ndani ya suruali, kupe akose mlango. Suruali iwe ya rangi nyeupe nyeupe ili umwone anapopanda. Najua mwindaji hapendi kuonekana na wanyama, lakini ndezi wako watakusamehe. Msikae kwenye nyasi wala juu ya magogo mkipumzika, na Benedicte apite katikati ya njia, asipasue majani.

Mkirudi tu, vueni nguo nje mzianike kwenye jua kali, mkaguane. Benedicte akaguliwe na wifi: nyuma ya magoti, kinenani, kitovuni, kwapani, shingoni, nyuma ya masikio, ndani ya nywele. Ukimkuta kupe usimchome na sigara, usimmwagie mafuta ya taa, na ile tabia yako ya kumpasua kwa kucha uiache, maana ugonjwa uko ndani ya tumbo lake. Nimeweka kibano kidogo. Mshike karibu kabisa na ngozi, mvute taratibu moja kwa moja bila kumsokota, kisha osha mahali pale kwa sabuni na unawe mikono. Homa ikija siku za baadaye, mwambieni daktari kwamba kupe alimuuma, asiwape vidonge vya malaria tu, kama ilivyokuwa kwetu.

Na jambo moja la mawindo. Mnyama akishakufa akaanza kupoa, kupe wake wanamhama, wanatafuta damu yenye joto. Wewe una mazoea ya kumbeba swala shingoni, kichwa huku na miguu huku, watoto wakuone unavyokuja. Mfungeni kwenye mti mbebe wawili, mbali na miili yenu. Sifa utazipata hata hivyo.

Utataka kujua kama nakulaumu. Nilikuwa nimepanga kuandika kwamba sikulaumu hata kidogo, lakini huo ungekuwa uongo. Kuna asubuhi ninapomwinua Zéphyrin kumpeleka chooni, uzito wake wote mgongoni mwangu, nakulaumu kwa sauti, nakutaja jina. Jioni nakumbuka kwamba wewe mwenyewe ulikuwa unajipaka sumu hiyo hiyo na ukaamini unatugawia kitu kizuri, na hasira inaisha, inabaki huzuni tu. Hayo ndiyo yaliyomo moyoni, na nimeona ni bora uyajue kutoka kwangu. Angalia na mikono yako. Emérence anasema kikombe cha chai kinakutetemeka.

Ningekuambia umlete Benedicte kwangu, lakini nimlaze wapi? Maji yanaingia, baba yake yuko juu ya meza, na shule sina namna. Kuja kumchukua siwezi, nani atamgeuza Zéphyrin? Kwa hiyo atabaki kwako, mikononi mwako, na mimi sina la kufanya zaidi ya karatasi hii. Mchana nafua, na kila ninapokamua nguo namwona amesimama kwenye karai.

Nisalimie wifi, na umwambie simkasirikii, alifanya alivyofundishwa. Nisalimie Jean-Claude na wadogo zake. Msalimie shangazi yetu, tantine Victoire, mwambie sweta alilotuma lilifika na linavaliwa. Benedicte mbusu kwenye paji la uso baada ya kumwosha, umwambie mama anampenda na anauliza habari za meno yake yanayoota.

Zéphyrin naye anakusalimu. Yuko hapa kando yangu, ananitazama ninavyoandika, na amenitaka niweke maneno yake kama alivyoyasema. Anasema umletee chupa moja ya dawa, ile ya kwako ya Lubero, kwa sababu iliyomdhuru ni hii ya Kampala iliyochakachuliwa. Anasema akisimama tu anarudi kwenye majani, na hataki kurudi bila kinga. Nimeyaandika kwa kuwa ananitazama. Usilete. Ya daktari ameyakataa, yangu ameyakataa, lakini wewe bado anakuamini. Njoo, Yaya, ukae naye pale mezani, umwambie kwa mdomo wako mwenyewe kwamba ni sumu.

Mungu aliye juu ya vilima vyenu na juu ya maji yetu awatazame, na akianza, aanze na watoto.

Mdogo wako ambaye hajaacha kukupenda,

Hortense Kavira