Kikombe cha Milembe na Maziwa Yangu

Mwandoya, Meatu,
Simiyu.
14 Juni 2025

Mpendwa mdogo wangu Danford,

Mwangaluka. Mnaendeleaje huko Mtwara? Mkeo na bibi harusi wetu Flora hawajambo? Najua nyumba imejaa pilikapilika za harusi. Huku tu wazima, ila mimi nusu. Pamba imepasuka yote kwa mara moja na wachumaji hawapatikani.

Barua hii anakuletea Mwalimu Joakim, jirani yetu, anayekuja huko kumwona mwanawe. Kwenye simu siwezi kusema haya, maana mama hukaa karibu akisikiliza kila neno.

Uliuliza kama nitafika harusini tarehe kumi na mbili Julai. Mimi ndiye shangazi mkubwa wa Flora, wa kukaa naye ndani na kumtoa mbele za watu ni mimi. Nguo nimeshashona. Lakini daktari anasema damu yangu bado ni ndogo, safari ya siku mbili kwenye basi sitaiweza. Milembe ameruhusiwa. Tulipasuliwa wiki moja, uvimbe uleule wa kizazi, kambi ileile ya madaktari bingwa, na sasa mdogo wetu huyo anachuma pamba. Jumapili alisimama kanisani kutoa shukrani, akina mama wakampigia vigelegele. Mimi niko benchi la nyuma nimeshika tumbo. Nina wivu, Danford, sikufichi.

Ilikuwa hivi. Muuguzi alitwambia tule jioni mapema, kisha tusiguse chakula tena. Halafu kila mmoja atapewa kikombe cha kinywaji cha sukari, kiangavu kama maji, saa mbili kabla ya zamu yake. Sisi tumezoea kwamba mtu wa kupasuliwa anashinda na njaa tu, kama marehemu baba. Yule muuguzi akasema siku hizi wagonjwa wengi hunywa, ili mwili usiingie kwenye kisu ukiwa umechoka, na kichefuchefu cha baadaye kipungue.

Milembe alikuwa wa kwanza. Saa kumi na mbili asubuhi akaletewa chake, akanywa polepole huku ananitazama. Mimi zamu yangu ilikuwa saa nane mchana, kwa hiyo changu kingekuja saa sita. Nilielezwa, nikaelewa. Lakini nilipomwona anafuta midomo nikasema moyoni, huyu tangu utoto ndiye wa kupewa kwanza. Saa nne uvumilivu ukanishinda. Mama alikuwa amekuja na kibuyu cha maziwa mgando ya kunywa tukishapona. Nikanywa. Nilijiambia kinywaji ni kinywaji, na maziwa ya ng'ombe wetu hayawezi kushindwa na sukari ya hospitali.

Muuguzi alipoleta kikombe changu akakuta kibuyu kitandani. Daktari akaahirisha. Alisema maziwa hukaa tumboni kama chakula, na mtu akiwa amelazwa usingizi yanaweza kupanda yakaingia mapafuni. Kesho yake wakaletwa wajawazito wawili wa dharura, nikasogezwa hadi magharibi, na kwa kuwa hakuna aliyejua nitaingia saa ngapi, kikombe sikupewa. Niliamka natapika na kutetemeka, siku tatu sikuweza kusimama. Milembe yeye aliomba ugali siku ya pili tu. Daktari anasema si kikombe peke yake, kila mwili na wake, na mimi nilipoteza damu nyingi. Namsikia, lakini kila nikimwona Milembe anatembea nakiona kikombe kile.

Sasa lililonifanya nishike kalamu. Muuguzi alipouliza nani kanipa maziwa, nilisema mama. Mama hakunipa. Alikuwa ameenda bombani kufua, na kabla ya kwenda alinikataza kukigusa kile kibuyu. Aliporudi akakuta anasemwa mbele ya wodi nzima. Akanitazama, akakichukua kibuyu chake kama mwenye kosa. Wewe nawe ukampigia ukamgombeza kwamba alitaka kuniua kwa ushamba. Tangu hapo anasema harusini haji, asije akakosea tena mbele za watu wa mjini.

Nafasi yangu mpe Milembe. Inaniuma kuandika hivyo, lakini mpe. Ila mama aje naye, na akae mbele. Mpigie leo hii, umwombe radhi. Mimi wiki ya tano hii nataka kumwomba msamaha, na kila nikifungua mdomo ananiuliza kama nimekula.

Uongo wangu huu Milembe usimwambie, nitamwambia mwenyewe. Nisalimie mkeo, na Flora mwambie shangazi yake anamwombea ndoa yenye amani. Mungu awafunike nyote.

Wako akupendaye, dada yako,
Eufrasia