Mashine Nyeusi, Mashine ya Kijivu

Jumanne, 6 Mei

Umeme umerudi saa nne. Nimepiga pasi haraka kabla haujakatika tena. Kambale yuko uani, anatengeneza redio ya jirani na kupiga mluzi. Namtazama kwa dirisha. Ni mdogo wa mume wangu. Miaka mitatu yuko kwetu, tangu akimbie vita kule Kalengera. Mikono myepesi. Siku hizi mikono hiyo inanisumbua.

Laptop yetu ilipotea siku ya Pasaka, mezani sebuleni, pamoja na sura mbili za kazi ya binti yangu Kavira ya kumaliza chuo. Sote tulikuwa misa. Kambale peke yake alibaki nyumbani, eti ana homa. Sijasema kitu. Sijasahau pia.

Papa Kavira, mume wangu, amekata shauri: safari hii kompyuta kubwa ya mezani, ya nyumba nzima, kitu ambacho mtu hawezi kukificha ndani ya koti. Sawa. Ila anataka Kambale anisindikize kuchagua. Aliyeiba ndiye atuchagulie?

Alhamisi, 8 Mei

Birere, sokoni hapa Goma, mimi na Kambale. Duka la mashine zilizotumika. Mwenye duka ni mzee wa miwani, ana adabu nyingi. Adabu nyingi hivyo siziamini.

Mashine mbili. Moja nyeusi, nyembamba, inang'aa, kioo kipana. Nyingine ya kijivu, nzito, imechubuka, herufi za kibodi zimefifia kwa vidole vya watu. Nyeusi niliipenda palepale. Kambale akatoa bisibisi mfukoni, akafungua ubavu wa zote mbili, akainama akanusa ndani. Kunusa! Kama mtu anayekagua mboga ya sombe ya jana.

"Shemeji, hii nyeusi tuache. Iko na harufu ya kuungua. Umeme ya kwetu ikishuka, itakufa. Tubebe ya kijivu."

Mwenye duka hakubisha. Muuzaji gani hatetei mali yake? Hawa wanajuana. Kambale ana chake katika hiyo ya kijivu.

Halafu, Kambale ametoka kutafuta pikipiki, nikaiona kwenye rafu ya juu. Laptop imefungwa, rangi ya fedha, kona imepasuka. Yetu nayo ilipasuka kona. Nikauliza kwa sauti ya kawaida imetoka wapi.

"Ile? Ni Kambale aliniletea, nyuma ya Pasaka."

Sikuuliza la pili. Tulitoka bila kununua.

Ijumaa, 9 Mei

Nimehamishia chumbani kwangu simu ya akiba, pasi na saa ya ukutani. Ndiyo, hata saa. Kambale aliuliza saa ngapi. Nikamwambia aangalie jua.

Jumamosi, 10 Mei

Nimesema. Mezani, mbele ya wote: mume, watoto, mamamkwe. Kwamba laptop ya Kavira iko Birere na mwenye duka amemtaja aliyeipeleka. Nikamnyooshea Kambale kidole.

Hakupiga kelele. "Mimi, shemeji?" Basi. Papa Kavira aliangalia sahani yake. Mamamkwe aliacha kula. Kambale alinawa mikono, fufu yake bado nusu, akafunga begi. Ameenda kwa rafiki, upande wa Lac Vert.

Papa Kavira hataki tuidai ile laptop. Ndugu yake asitajwe mwizi sokoni. Nimeahidi kutouliza.

Naandika ukweli hapa: alipotoka nilifurahi.

Jumatatu, 12 Mei

Nimenunua nyeusi. Peke yangu. Mwenye duka akasema, "Mama, ulisikia yule papa wa bisibisi alichosema?" Nikajibu mimi ndiye nitakayekaa nayo. Rafu ya juu sikuitazama.

Tumeiweka sebuleni, kioo kikielekea mlango, nione kila anayekaa. Kavira ameandika kutwa nzima. Kazi inatakiwa mwisho wa Juni. Akichelewa, mwaka umepotea.

Jumatano, 14 Mei

Saa nane mchana umeme ukashuka. Taa ikawa nyekundu. Mashine ikalia mara moja, ikatoa moshi mwembamba. Kurasa kumi na moja, hakuna hata moja iliyobaki.

Kavira hakulia. Afadhali angelia. Alisema tu, "Baba mdogo aliinusa, mama."

Nimejichukia.

Alhamisi, 15 Mei

Nimeirudisha. Mzee wa duka hakunicheka. Amekubali tubadilishane na ya kijivu. Alipokuwa akifunga kamba, nilivunja ahadi. Nikamwomba anishushie ile laptop.

Akaifungua. Kibodi ina herufi zote. Yetu ilikosa herufi ya M tangu mwaka jana. Hata aina si ile. Nikamwambia alinitajia Kambale. Akaleta daftari. Kila anayemletea kitu kilichotumika huacha jina na nakala ya kadi ya mpiga kura, maana vitu vya kuporwa vimejaa mjini. Picha ya mtu mnene, mwenye ndevu. Kambale, ndiyo. Kambale wa watu wengine.

"Mama, hapa Goma wako ba Kambale wangapi?"

Nimetoka Bukavu, nimeolewa na Mnande miaka ishirini na mitano. Najua kwamba kwao mtoto wa pili wa kiume huitwa Kambale. Kwaya ya parokia ina watano. Mtu akitaja Kambale, hata mtoto wangu mdogo huuliza, Kambale nani? Mimi sikuuliza. Nilikuwa na wangu tayari.

Laptop yetu sijui iko wapi. Labda sitajua kamwe.

Ijumaa, 16 Mei

Nimemwambia Papa Kavira. Akasema, "Ulisemea mezani. Rudia mezani." Naona aibu.

Jumapili, 18 Mei

Baada ya misa. Nimepika kuku. Wote wamekuja, walewale, na Kambale.

Nimesimama, nimesema bila kupunguza. Nimekosea. Nimekuchafulia jina mbele ya mama yako na watoto wa kaka yako. Nisamehe. Mamamkwe alisema amina. Kambale akasema, "Imeisha, shemeji." Akala. Akaikagua mashine ya kijivu, akamwonyesha Kavira namna ya kuizima umeme ukianza kuyumba.

Nikamwambia chumba chake hakijaguswa. Akashukuru. Jioni amerudi Lac Vert.

Nafikiria alivyofika. Mlango ulikuwa wazi, sote tuko ndani. Miaka mitatu alikuwa akiingia tu, anauliza chai iko wapi kabla ya kuvua viatu. Leo alisimama nje ya kizingiti, akabisha hodi, akangoja nimwambie karibu.