Damu ya Pande Mbili

3 Machi

Mama mkwe,

Shikamoo. Sisi hapa wodini tupo, tunasukuma siku. Mjukuu wako Kidege ana vidonda mdomoni, chakula hataki kukiona. Vidonge vya saratani ya damu ambavyo wenzake wanameza na kucheza, yeye vinamlaza. Siku hizi kila mtoto anayelazwa hapa husomwa vinasaba, na vyake vina kasoro mbili zinazozuia mwili kuvunja dawa hiyo. Daktari anataka damu yangu na ya baba yake ajue kila kasoro imetoka wapi, maana zikiwa zote za mzazi mmoja, upande wa pili bado unavunja dawa, ndipo apange kiasi chake. Vinginevyo ni kubahatisha. Mruhusu mwanao aje. Wewe ukikataa hatoki, unamjua.

Mkweo

9 Machi

Mkwe,

Marahaba. Miguu yangu ni ile ile ya kuuma. Ukoo wetu haujawahi kuugua hivyo, wala hautaanza leo kwa kuandikwa hospitali. Hicho kipimo kinatafuta wa kumtwika lawama. Watafute kwenu. Mwanangu ana kazi.

Mama

10 Machi

Mama,

Shikamoo, ingawa nimeudhika. Hakuna anayemtafuta mchawi hapa. Dawa ikizidi itammaliza, ikipungua ovyo saratani itarudi. Damu yangu wameshachukua. Naogopa, Mama. Muuguzi akija na kikombe cha vidonge natamani kumfungia mlango. Nalala nimevaa viatu, sijui nakimbilia wapi.

Mkweo

28 Machi

Mama mkwe,

Shikamoo. Mume wangu alifika amenuna, akakunja mkono wa shati kabla hajaambiwa. Kasema ulimtoa nyumbani kwa mkongojo. Asante.

Majibu yametoka. Kasoro moja ni yangu, ya pili ni yake. Sisi tumeishi nazo wazima wa afya, kwa mtoto ndiko zilikokutana. Saratani haikutoka kwa yeyote kati yetu. Sasa anapewa kipande kidogo tu cha kidonge, na damu yake imeanza kupanda. Daktari kasema dozi ya kawaida ingemuua.

Haya, sema la kusema. Nimekaa mkao wa kusikiliza.

Mkweo

2 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Nisikufiche, ingekuwa yenu peke yenu ningekusema mpaka unikome. Ingekuwa yetu, ningenyamaza mpaka kaburini. Hii ya nusu kwa nusu imeninyima pa kusimama. Nyani haoni kundule, nami nimeliona langu, tena kwa kuonyeshwa na daktari. Ningemuua mjukuu wangu kwa kuogopa maneno ya watu.

Nakuja na gari la kesho asubuhi. Nitakaa na Kidege, wewe ulale. Kila barua umeniandikia habari za mtoto. Wewe mwenyewe unakula?

Mama yako