Nilivyomtania Selemani Msibani

Ijumaa, wiki ya mwisho ya Oktoba. Saa kumi na nusu jioni.

Joto la leo si la kawaida hata kwa Tabora. Adhuhuri mawingu yalijaa upande wa Urambo, meusi kabisa, tukatega ndoo kwa matumaini, kisha yakatawanyika bila kudondosha tone. Jua limerudi na hasira zake. Nimekaa sebuleni, dirisha wazi, naandika kwenye simu kwa kidole kimoja, kwa sababu kikao cha kamati ya mtaa ni kesho saa tatu asubuhi na nisipoandika leo nitapasuka.

Majina yote humu nimeyabadilisha. Kazi za watu pia. Na makala hii sitaibonyeza iende hewani mpaka mhusika aisome na kuniruhusu.

Nina hofu. Bora niliseme mapema.

Wachache wanaosoma ukurasa huu wananijua: mwalimu mstaafu wa Kiswahili, mzee wa kanisa, mjumbe wa kamati ya mtaa, mtu wa kusahihisha mabango ya maduka ya watu. Wanajua pia msimamo wangu juu ya ushoga. Nimeandika humu mara tatu, moja kwa herufi kubwa, kwamba ni uchafu ulioletwa na wageni, haukuwahi kuwako kwetu, na anayewatetea watu wale ana lake jambo. Mwezi wa sita, kwenye kamati, ni mimi niliyependekeza azimio kwamba mkazi yeyote anayemjua mtu wa namna hiyo alete jina. Ni mimi pia niliyeliandika, kwa kuwa mwandiko wangu unasomeka. Nilipigiwa makofi. Nilirudi nyumbani nikala nikashiba.

Sasa Selemani.

Selemani ni fundi wa pampu za visima. Ana miaka arobaini na minne, anaishi na mama yake, Bi Zena, nyumba ya nne kutoka kwangu. Ni Mzaramo aliyezaliwa hapahapa; babu wa babu yake alipanda na msafara kutoka pwani, akafika Tabora akachoka kurudi. Mimi ni Mnyamwezi. Kwa hiyo sisi ni watani, tangu huko nyuma wazee wetu walipokuwa wakigawana maji na matusi njiani. Kwa asiyejua mambo haya: mtani anaweza kukuita mchawi mbele ya wakwe zako na hukasiriki. Ukikasirika, mwenye kosa ni wewe. Selemani hajawahi kuniamkia shikamoo ingawa nimemzidi miaka kumi na saba. Huwa anapaza sauti kutoka barabarani kwamba Wanyamwezi wote ni wapagazi, nitoke nikambebee pampu yake.

Na kwenye msiba, mtani ndiye mwenye shughuli.

Wiki tatu zilizopita shangazi yangu alifariki. Selemani alikuja na Wazaramo wenzake wawili kama desturi inavyotaka. Alilala mlangoni ili jeneza lisitoke. Kisha akaingia ndani, akatoka amevaa kanga za marehemu na kilemba chake, akachechemea kama yeye, akanishika sikio na kunigombeza kwa sauti yake ileile. Watu walicheka huku wanalia. Mimi mwenyewe ndipo nilipotoa machozi kwa mara ya kwanza tangu afariki, na nilipata nafuu kubwa.

Utani hujibiwa. Nilichukua kipaza sauti nikatangaza, kwa sauti ya darasani, kwamba huyu Mzaramo mnayemwona hajaoa mpaka leo kwa sababu yeye mwenyewe anatafuta mume. Mwenye ng'ombe apeleke mahari kwa Bi Zena. Waombolezaji waliangua kicheko hadi wengine wakashika mbavu. Selemani akapiga goti akajifunika kanga usoni kama bibi harusi. Tukaenda tukamzika shangazi, na ni yeye aliyeshuka kaburini kulipokea jeneza.

Mtu fulani alirekodi.

Video ina sekunde ishirini. Haina jeneza, haina turubai la msiba, haina watani. Ina mwanamume aliyevaa kanga, na ina mzee wa kanisa mwenye kipaza sauti anayesema maneno yale. Ilianzia kwenye kundi la WhatsApp la mtaa, ikasafiri. Mpwa wangu aliyeko Puge alinipigia kunipongeza kwa ujasiri. Chini ya video wameandika "Mwalim adhibitisha". Nakiri kwamba kitu cha kwanza kilichoniudhi ni tahajia.

Angesema mtu mwingine, wangejua ni utani. Lakini juu ya jambo hili mwalimu hatanii, kila mtu anajua. Mwalimu ndiye aliyeandika azimio.

Wiki ya kwanza zilikuwa kelele za simu tu. Wiki ya pili Selemani alikuwa na kazi ya visima huko Isikizya. Wakampigia asije, wamepata fundi mwingine. Halafu ukuta wao ukaandikwa neno moja kwa mkaa, herufi kubwa. Bi Zena alilisugua kwa sabuni asubuhi nzima. Kesho yake likaandikwa tena palepale. Siku ya tatu hakusugua.

Jumatatu nilikuta rundo la mawe kwenye kona, hatua chache kutoka kwenye geti lao. Mawe ya kujaa kiganja, yamepangwa vizuri. Niliwauliza vijana wa bodaboda nani ameyamwaga. Mmoja alisema ni ya kuziba mashimo ya barabara, mwalimu. Wenzake walikuwa wanaangalia chini. Barabara yetu ina mashimo tangu nihamie hapa na hakuna aliyewahi kuleta jiwe.

Jumatano mchana nilikwenda kwake. Nilikuwa nimejiandaa, maelezo nimeshayatunga kichwani. Bi Zena, ambaye huniita mpagazi wake na kunitupia maganda ya karanga, alifungua geti, akasema karibu mwalimu, akaingia ndani bila kunipa kiti. Selemani alikuwa uani, amefungua pampu na kuitandaza vipandevipande juu ya gunia, wakati hana mteja hata mmoja. Aliponiona alisimama, akafuta mikono kwenye suruali.

"Shikamoo, mwalimu."

Nikasema marahaba kwa sababu mdomo umezoea. Angenipiga kofi ningejisikia nafuu.

Nilimweleza mpango wangu. Kwamba Jumamosi nitasimama mbele ya kikao, niseme ilikuwa utani wa msibani, hakuna kweli hata chembe, namjua miaka ishirini, na wakitaka nitaapa. Aliniacha nimalize. Alikuwa ameshika kipande cha mpira wa pampu, anakigeuzageuza.

"Sema ilikuwa utani," alisema. "Hiyo ni kweli. Lakini usiape, mwalimu. Utakuwa umeapa uongo."

Nilimwomba arudie. Mtu wa kufundisha ufahamu miaka thelathini na tano, nikaomba nirudiwe sentensi. Akarudia, ananitazama usoni.

Kisha akanieleza kwa sauti ya chini. Kuna mtu Urambo, mwalimu wa shule ya msingi, mtoto wa wale Wakatoliki ambao wazazi wao walitoka Burundi. Wako pamoja mwaka wa tisa sasa. Zile safari zake za kila mwezi, ambazo mimi nilizitania kila alipofunga mzigo kwenye pikipiki, nikisema ana hawara huko anayemnenepesha kwa ugali wa muhogo, zilikuwa hizo. Alisema hakuwahi kukasirika. Alisema utani wangu ndio mahali pekee jambo lile liliwahi kuguswa mbele za watu naye akabaki salama.

Lazima niandike na hili. Mwili wangu ulirudi nyuma. Nilitazama mikono yake nikakumbuka kikombe anachonywea chai kwangu. Ndivyo nilivyo, sitajipaka mafuta. Na yeye aliona, akainama kuendelea na pampu yake.

Siku mbili hizi sijala vizuri. Nimefungua Biblia, mistari niliyokuwa nikiisoma kwa sauti bado ipo, sikuifuta wala siwezi. Lakini nilipokuwa nikiisoma kanisani nilikuwa na sura ya mtu kichwani: mgeni, wa mjini sana, ananukia marashi, ana fedha za watu wa nje. Sikuwahi kumwona aliyeshuka kwenye kisima changu mwaka pampu yangu ilipotumbukia, akakaa humo saa nzima huku mimi nimeshika kamba na kumwita mvivu. Sikumwona aliyesimama kwenye udongo na kumlaza shangazi yangu taratibu asigonge ukuta wa kaburi. Kama yule ni uchafu, basi shangazi amepokelewa na uchafu, na siwezi kulisema hilo. Nimejaribu kulisema kwa sauti humu ndani. Limenishinda.

Sijasema nimebadilika. Bado naamini ndoa ni ya mume na mke, na sidhani Selemani mwenyewe ananiomba niamini vingine. Hajaniomba chochote. Ninachojua ni kwamba nilipoandika "alete jina" sikujiuliza hata kidogo anayepelekewa jina atalifanyia nini. Nilishughulika na alama za uandishi. Nadhani nilijua, na sikutaka kujua.

Nikiandika kwa ukali hapa, ni kwa sababu naona aibu.

Leo saa nane mwenyekiti wa kamati alikuja. Ni mtu mpole, ana sauti ya kubembeleza watoto, na alikuja na karatasi iliyochapwa. Ni maelezo yangu, ambayo sikuwahi kuyatoa. Jina langu kamili liko juu, na chini yake inasemwa kwamba mimi, kwa ufahamu wangu wa miaka mingi, nathibitisha tabia za mtajwa. Kinachosubiriwa ni sahihi tu, yaambatane na barua ya kamati kwenda polisi. Akanipa na kalamu.

Nikaipokea. Nikaanza kusoma, na kabla sijajitambua nilikuwa nimeshasahihisha makosa mawili ya tahajia na kuhamisha mkato mmoja. Mkono ulikwenda wenyewe. Nilipoona ninachofanya niliiweka ile kalamu mezani kama inayoniunguza.

Nilimwambia ilikuwa utani. Akasema anajua. Alikuwepo msibani, alikaa safu ya pili, alicheka. Sikutegemea jibu hilo. Aliendelea kunieleza taratibu kwamba vijana wameshaamini, na vijana wakishaamini wanataka kuona kitu kinafanyika. Wakiiona barua ya kamati wataiachia polisi. Wasipoiona watajitafutia wenyewe. Kwa hiyo sahihi yangu, kwa maelezo yake, ni huruma: Selemani akienda jela atakuwa hai.

Niliwaza yale mawe.

Mwenyekiti akaniuliza kama kweli ni utani mtupu, au kuna ninachokijua. Nilikuwa na neno "hapana" mdomoni, fupi, la kumaliza shughuli. Nikakumbuka nilichoambiwa uani. Nikasema si kazi yangu kusema. Ni jibu baya kuliko yote, nalijua, ningempa mwanafunzi sifuri. Mwenyekiti hakulikasirikia. Alitazama picha za ukutani, moja baada ya nyingine.

"Hivi mwalimu," alisema, "tangu mama atutoke ni miaka mingapi, sita? Na hujafikiria kuoa tena?"

Aliuliza kwa upole uleule. Na mimi nikaanza kujieleza. Nikasema mke wangu nilimpenda, nikasema umri umekwenda, nikasema watoto wasingefurahi, nikamtajia hadi muuguzi mmoja wa Cheyo ambaye tulikaribia kuelewana mwaka juzi. Nilikuwa natoa siri za nyumba yangu kwa mtu ambaye hata hakuwa ananisikiliza, alikuwa anazungusha saa yake mkononi. Katikati ya maelezo nikagundua ninachofanya, nikaacha. Selemani ameishi hivi tangu aote ndevu. Amekuwa akijieleza kwa wauza duka, kwa maimamu, kwa wateja, kwangu. Na mimi nimetetemeka kwa swali moja la dakika moja.

Mwenyekiti alisimama, akashukuru kwa kusahihisha, akasema karatasi ataiacha hapa mezani hadi asubuhi. Mlangoni alinishika bega.

Sijaisaini. Nimeshaamua, na naandika hapa ili nisijigeuke usiku. Kesho nitasimama niseme ilikuwa utani, na kwamba utani wa msibani haupelekwi polisi, wazee wote wanajua. Nitaomba azimio la mwezi wa sita lifutwe, mimi niliyeliandika. Wakiniuliza kama ni kweli, nitanyamaza, hata wakiuliza mara kumi. Nimempigia Selemani kumwambia hivyo. Alipokea, alisikiliza, akasema Mungu akujalie, mwalimu, akakata. Bi Zena ameshafunga mizigo. Wanasubiri basi la alfajiri. Wakiwahi kuondoka, mimi nitabaki na kikao peke yangu, na nimeridhika iwe hivyo.

Kuna vijana wawili wamekaa chini ya ukuta wa nyumba yangu tangu mwenyekiti aondoke. Nimetoka sasa hivi kuwatazama. Wameniamkia vizuri sana. Mmoja nilimfundisha. Nimewauliza wanamsubiri nani, wakasema hawamsubiri mtu, mwalimu, wanapumzika tu kivulini.

Ukuta ule unatazama magharibi. Saa hizi hauna kivuli.